Kiwanda kipi cha alizeti ni kibunifu kweli? Tujadili namna ya kupima na kulinganisha

Mzee wa Mashudu:

Wakuu, salaam.

Kila ikipita Nane Nane au MAKISATU (mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) tunasikia orodha ya wasindikaji "wabunifu". Mwenye chupa nzuri na lebo inayong'aa anapigwa picha na mgeni rasmi. Mwenye kiwanda huko Iramba aliyepunguza mafuta yanayobaki kwenye mashudu, yaani makapi ya mbegu baada ya kukamua, hana cha kuweka mezani, maana mashudu hayavutii kamera. Kazi yangu inanipeleka kwenye viwanda vidogo vya kukamua alizeti, Singida na Dodoma zaidi, na kwa ninavyoona tunapima kisichotakiwa kupimwa. Naweka hoja zangu hapa mzikosoe. Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite kimya kimya.

Fomu nyingi zinazoletwa kwa wasindikaji zina maswali yaleyale: umetumia kiasi gani kwenye utafiti, una hataza (hakimiliki za uvumbuzi) ngapi, una wahandisi wangapi, umetoa bidhaa mpya ngapi. Maswali hayo yanakifaa kiwanda chenye idara ya utafiti na bajeti yake. Mkamuaji wa Mkalama ukimuuliza habari ya hataza atakutazama, kisha atajaza sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, halafu ripoti inatoka kwamba sekta haina ubunifu. Kumbe fundi wake amebadilisha namna ya kupasha mbegu joto kabla ya kukamua, amefunga chekecheke la kutoa mchanga ili vyuma vya ndani visilike upesi, na mbegu zenye unyevu wanazirudisha kuanikwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye nafasi kwenye fomu.

Kwa hiyo mimi naanza na mafuta yenyewe. Wengi hulinganisha viwanda kwa kuuliza "gunia linatoa lita ngapi?" Swali hilo halitoshi, na nitaonyesha kwa hesabu ya mfano.

Tuseme kiwanda A kinakamua tani moja ya mbegu chotara zenye mafuta asilimia 40. Humo kuna kilo 400 za mafuta, nacho kinatoa kilo 280. Kiwanda B kinakamua tani moja ya mbegu za kienyeji zenye asilimia 30. Humo kuna kilo 300, nacho kinatoa 225. Ukihesabu lita kwa gunia, A ni bingwa na B ni wa kusaidiwa. Lakini A amepata asilimia 70 tu ya mafuta yaliyokuwepo, na B amepata asilimia 75. Ukiacha unyevu na machicha (masimbi yanayotoka pamoja na mafuta) pembeni, mashudu ya A ni kilo 720 zenye kilo 120 za mafuta ndani yake, karibu asilimia 17. Ya B ni kilo 775 zenye kilo 75, karibu asilimia 10. Aliyejifunza kukamua ni B. A amebahatika kuwa karibu na wakulima wenye mbegu nzuri. A akifikia kiwango cha B, kila tani inamwongezea kilo 20, yaani dumu la lita 20 na ziada kidogo. Zidisha kwa msimu mzima uone.

Ndiyo maana huwa nabeba vifuko vya sampuli. Sampuli ya mbegu na sampuli ya mashudu zikienda maabara zinakuambia mengi kuliko mahojiano ya saa mbili na mwenye kiwanda.

Baada ya hapo naangalia umeme au dizeli kwa kila tani, siku ambazo mashine imesimama kwa kukosa mbegu, na kiwango cha asidi kwenye mafuta, kwa sababu mbegu iliyohifadhiwa vibaya inaharibu kila kitu kinachofuata. Hiyo ya siku za kusimama watu huidharau. Alizeti inavunwa katikati ya mwaka na viwanda vingi vidogo vinalala miezi kadhaa. Mwenye kiwanda aliyekopesha wakulima mbegu kwa makubaliano ya kumuuzia mavuno, akapata kazi ya miezi zaidi kuliko jirani yake, amefanya ubunifu mkubwa bila kununua bolti moja.

Upande wa soko nina swali moja tu: katika mauzo yako ya mwaka huu, sehemu gani imetokana na kitu ambacho miaka 3 iliyopita hukuwa unakiuza? Idadi ya bidhaa mpya haina maana. Mtu ana bidhaa sita mpya kwenye meza ya maonesho, na zote kwa pamoja hazimlipii hata mlinzi.

Swali langu kwenu: tukitaka kuwalinganisha kwa haki, tumlinganishe nani na nani?

Kibaigwa Original:

Mkuu heshima yako. Nina maswali ya kichokozi.

Kwanza, mashine yangu nimeinunua, imetoka nje, kila kitu kimeandikwa kwenye kitabu chake. Nikiongeza mafuta kwa sababu ya mashine mpya, ubunifu ni wangu au wa Mhindi aliyeitengeneza?

Pili, unayalaumu mashudu yenye mafuta, mimi ninayapenda. Wanunuzi wengine wa mashudu wanataka yenye mafuta, kwa sababu wanakwenda kuyakamua tena kwa kemikali au ng'ombe wao wananenepa. Nikikamua mpaka yabaki makavu, mashine inakula umeme, vyuma vinalika, na mashudu yanashuka bei. Hesabu yako haijagusa hapo.

Mzee wa Mashudu:

La pili nalichukua lote. Basi kipimo kiwe thamani inayobaki kwa kila tani ya mbegu: bei ya mafuta pamoja na bei ya mashudu, toa mbegu, toa umeme, toa vyuma vilivyolika. Aliyeamua kwa hesabu kuacha mafuta kwenye mashudu ataonekana. Asiyejua kama yamebaki asilimia 8 au 17 naye ataonekana. Hao wawili siwaweki kapu moja.

La kwanza nawaachia wenye vitabu.

Mtakwimu wa Kihonda:

Nipo. Mwongozo unaotumiwa zaidi duniani kwa kazi hii ni ule wa Oslo, wa OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi nyingi zilizoendelea. Toleo la kwanza lilitoka 1992, la nne 2018. Toleo la 2005 liligawa ubunifu mafungu manne: bidhaa, mchakato, masoko na uongozi wa kazi. La 2018 likabakiza mawili, bidhaa na mchakato wa biashara, na hilo la pili limemeza mengi, kuanzia uzalishaji, usafirishaji hadi namna ya kuuza. Sharti ni kwamba kitu kiwe kipya au kimeboreshwa, kitofautiane vya kutosha na alichokuwa nacho mwenye biashara huyohuyo, na kiwe kimeshaingia sokoni au kimeshaanza kutumika. Wazo lililoko kwenye daftari halihesabiwi. Mashine ambayo bado iko kwenye kreti haihesabiwi.

Kwa hiyo Kibaigwa, mashine yako inahesabika. Kuna kipya kwa kiwanda, kipya kwa soko, na kipya kwa dunia. Wewe uko ngazi ya kwanza, na wasindikaji wengi wa mazao duniani wako hapo, si Tanzania peke yake. Mwaka 1984 mtafiti Keith Pavitt alipanga viwanda kulingana na mahali teknolojia yao inakotoka, na kilimo aliweka kwenye kundi linalotegemea wauza mashine. Ukishajua hilo, kuwauliza bajeti ya utafiti ni kupoteza karatasi. Uliza wamejifunza nini kutoka kwa muuza mashine, na wameirekebishaje baada ya yeye kuondoka.

Mfano wa hapahapa: ile mashine ya mkono ya kukamulia alizeti, ya mpini mrefu, Mmarekani Carl Bielenberg aliibuni Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Hiyo ilikuwa mpya kwa dunia. Ikasambaa nchi nyingi za Afrika, na mafundi wa kila mahali wakaibadilisha kulingana na vyuma walivyopata.

Kuhusu nani alinganishwe na nani: Sera ya viwanda vidogo ya 2003 inagawa kwa wafanyakazi. 1 hadi 4 ni biashara ndogo sana, 5 hadi 49 ndogo, 50 hadi 99 ya kati, kuanzia 100 kubwa. Ni mwanzo, ila kwa usindikaji haitoshi. Kiwanda chenye watu 12 kinachokamua na kuchuja tu hakiwezi kuwekwa kapu moja na chenye watu 12 kinachosafisha mafuta mara mbili. Gawa kwanza kwa teknolojia, ndipo uende kwenye ukubwa.

Mama Unga Lishe:

Wapendwa, mafuta mmeyaongea vizuri, sisi wa unga tukae wapi? Mimi niko Morogoro, natengeneza unga lishe na karanga za kusaga. Sina asilimia ya kukamua. Kilo 100 za mahindi, soya na karanga zikiingia, nikitoa uchafu na maganda inatoka inayotoka.

Kipimo changu ni mzigo unaorudi. Kila mwisho wa mwezi dukani wananirudishia pakiti zilizoharibika, zilizoingia wadudu, zilizopita muda. Tulipoanza kukaanga soya vizuri na kubadilisha mfuko, mzigo unaorudi ulipungua sana. Sikutoa bidhaa mpya, ni unga uleule na jina lilelile. Nilipojaza fomu ya shindano moja nikaulizwa "bidhaa mpya?" nikaandika hakuna. Mwenzangu aliongeza ladha ya tangawizi, akapita. Ladha hiyo leo haipo dukani.

Na kuchambua karanga kwa mkono ili kuepuka sumukuvu, ile sumu ya ukungu, mnaiweka wapi? Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu 2016. Mimi wadada wangu wanachambua kabla hata ya kukaanga, inakula muda na mishahara. Kwa macho ya mhasibu tija yangu imeshuka.

Mtakwimu wa Kihonda:

Shikamoo Mama. Hilo la mwisho ndilo linaloharibu ripoti nyingi. Ukipima kilo kwa mfanyakazi, anayechambua karanga anaonekana mzembe na anayesaga zote na sumu yake anaonekana hodari. Usalama wa chakula lazima uwe kizingiti kabla ya kulinganisha: ambaye hajavuka haingii kwenye orodha, waliovuka ndio wanaoshindanishwa.

Mama Unga Lishe:

Marhaba mwanangu. Na nembo ya TBS, shirika la viwango, je? Kuna wanaohesabu nembo kama ubunifu.

Mzee wa Mashudu:

Mimi siihesabu. Nembo inathibitisha kwamba umefika kiwango kilichokwishaandikwa, na kukifikia ni wajibu. Ila njia uliyopita kufika hapo inaweza kuwa na ubunifu mwingi ndani yake: umepanga upya chumba, umeanza kuandika namba za matoleo, unajua pakiti iliyoharibika ilisagwa siku gani na mahindi yalitoka kwa nani. Hayo nayaandika. Mzigo unaorudi nauongeza kwenye orodha yangu leo hii, kwa mafuta pia unafaa, kuna madumu yanayorudi yameganda au yana harufu.

Kusini Korosho:

Nawasoma kutoka Mtwara nacheka kidogo, kwa sababu huku hiyo hesabu ya A na B ni ya kila siku. Korosho ghafi haiuzwi kwa kilo peke yake. Mnunuzi anakata sampuli, anapima kiini kizuri kinachopatikana kwenye gunia la kilo 80, anakitaja kwa ratili. Kwa hiyo kabla mbanguaji hajaanza kazi, tunajua alipewa nini. Akimaliza tunajua ametoa nini. Tofauti ndiyo kazi yake. Wa alizeti bado mnauziana kwa macho.

Lakini korosho ina kipimo cha pili, nacho ndicho chenye hela: kiini kizima. Kiini kikipasuka bei inashuka. Kilo ni ileile, ladha ni ileile.

Na hapo niwape historia. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 serikali ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua, 12 kwa jumla, kwa mikopo ya nje, vingine vya mitambo ya Kiitaliano, vingine ya Kijapani. Kwa fomu mnazozisema, viwanda vile vingepata alama zote: mashine mpya, wahandisi, mtaji. Mavuno ya korosho yakaanguka miaka hiyohiyo, mitambo ikawa inavunja viini, na vingi vikafungwa au havikuwahi kufanya kazi kwa uwezo wake. Wakati huo India akina mama walikuwa wanabangua kwa mkono na kutoa kiini kizima, na korosho yetu ghafi ikaendelea kupanda meli kwenda kwao. Nani alikuwa mbunifu hapo? Ukihesabu mashine ni sisi.

Kibaigwa Original:

Hii ya Kusini imenigusa. Viwanda 12 na korosho inapanda meli.

Jirani wa Murang'a:

Hamjambo ndugu, niko upande wa Kenya, huku ni makadamia. Niongeze jambo moja tu. Mwaka 2009 sheria yetu ilizuia kuuza nje makadamia ambazo hazijasindikwa. Wasindikaji waliongezeka baadaye. Sasa mtu akichukua takwimu za kabla na baada, akasema wasindikaji wa Kenya wamekuwa wabunifu sana, nitamuuliza: ni wao, au ni sheria iliyowafungia malighafi ndani? Kwa hivyo mkilinganisha viwanda vya nchi mbili, au hata mikoa miwili, angalieni kwanza nani analindwa na nani ameachwa kwenye upepo. Ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ukipanda au kushuka, wakamuaji wenu wote wataonekana werevu au wajinga kwa mwaka mmoja.

Mtakwimu wa Kihonda:

Jirani kasema kweli. Njia mojawapo ya kukwepa hilo ni kulinganisha viwanda vya msimu mmoja na eneo moja, vinavyonunua na kuuza kwa bei zinazokaribiana.

Kuna mbinu ya hesabu iliyoandikwa na Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978. Unachukua vinavyoingia, mfano mbegu, umeme, saa za kazi, na vinavyotoka, mafuta, mashudu, sehemu ya mauzo kutoka bidhaa mpya. Kompyuta inatafuta viwanda ambavyo hakuna mwingine anayepata zaidi yao kwa vitu hivyohivyo, inachora mpaka wa waliofika mbali, kisha kila mmoja aliyebaki anapimwa yuko umbali gani na mpaka huo. Uzuri wake huhitaji kuamua mwenyewe kwamba ubunifu wa bidhaa una uzito kiasi hiki na wa mchakato kiasi kile. Uzito huo ndio unaoleta ugomvi kwenye kamati za zawadi.

Ubaya wake una sehemu mbili. Ukiwa na viwanda vichache na vipimo vingi, karibu wote wanatokea kuwa bora, kila mmoja kwa kitu chake, na hujajifunza lolote. Na mpaka unachorwa na waliofanya vizuri zaidi, kwa hiyo mmoja wao akidanganya namba, anawashusha wenzake wote. Kabla ya kompyuta, nenda kamtembelee aliyeongoza.

Pia msisahau waliofunga. Ukihoji viwanda vilivyo hai tu, utagundua kwamba kila aliyenunua mashine mpya amefanikiwa. Aliyenunua akashindwa mkopo hayupo wa kukujibu, mashine yake imeuzwa kwa mnada.

Kibaigwa Original:

Sasa tuje kwenye ukweli wa mtaani. Mkija na madaftari yenu sisi tunawaona TRA. Nikitaja tani nilizokamua nimetaja kodi yangu. Na akija mtu wa mradi mwenye koti lenye nembo, namba zinageuka, kila mtu ni mbunifu kwa sababu kuna ruzuku inanukia. Namba zipi hapo mnalinganisha?

Mzee wa Mashudu:

Ndiyo maana siulizi jumla. Sitaki kujua ulikamua tani ngapi mwaka huu. Nataka kilo 100 zako zinatoa nini, na hizo tunazipima pamoja mbele ya mashine, mzani wangu na wako. Umeme nasoma mita kabla na baada. Hakuna kodi hapo. Sehemu ya mauzo ya bidhaa mpya nauliza kwa mafungu: robo, nusu, au zaidi ya nusu. Watu wanajibu.

Na ili kuondoa ugomvi wa mbegu, tukubaliane na wenye viwanda wachangie mzigo mmoja. Mbegu zinachanganywa vizuri, zinapimwa mafuta na unyevu maabara mara moja, kisha kila kiwanda kinapewa kiasi kilekile kikamue. Hapo A na B wanasimama sawa. Kila mmoja anakamua pia mbegu zake mwenyewe. Kiwanda kinachofanya vizuri kwa mbegu za pamoja lakini vibaya kwa mbegu zake, shida yake iko kwenye kununua na kuhifadhi, fundi hana kosa.

Kibaigwa Original:

Hapo nipo tayari, ila masharti. Mashine baridi haikamui. Hesabu zianze ikishapata joto, mbegu za mwanzo zisihesabiwe. Na mafuta yapimwe yakishatulia na kuchujwa, kuna watu watapima na machicha yake.

Mzee wa Mashudu:

Masharti yote mawili yamekubaliwa. Nyongeza: mashudu ya mwanzo yasiingie kwenye sampuli, na sampuli ichukuliwe mara kadhaa wakati mashine inaendelea, isiwe konzi moja ya mwisho.

Mama Unga Lishe:

Na sisi wa unga tupangieni letu. Mimi nakubali kufungua daftari la mzigo unaorudi kama wenzangu nao watafungua yao.

Mtakwimu wa Kihonda:

Mama, kwa unga nitaandika pendekezo: pakiti zilizorudi kwa kila 100 zilizotoka, kwa miezi sita, pamoja na kipimo cha sumukuvu cha matoleo mawili. Vipimo viwili tu, tusiwachoshe.

Kusini Korosho:

Gunia la alizeti la huko kwenu si lumbesa, lililojazwa kupita kiasi? Mtagawaje sawa?

Mzee wa Mashudu:

Mzani, mkuu. Na gunia tupu linapimwa kwanza.